Kinyota Chekundu

Aliyewahi kujaza fomu kwenye kompyuta anakifahamu kinyota chekundu. Hukaa pembeni mwa maneno kama "Jina", "Tarehe ya kuzaliwa" na "Namba ya simu", na kazi yake ni kuzuia: usipojaza sehemu hiyo, kitufe cha kuhifadhi hakikubali. Ukinunua tiketi ya basi, jambo hilo halina neno. Ukimpokea mgonjwa, lina maneno mengi, na ndiyo maana hoja ya mjadala huu ni hii: *Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ukatae kuhifadhi taarifa mpaka kila sehemu muhimu iwe imejazwa.*

Wanaojadiliana ni watatu. Nimewabuni, ila ubishi wao si wa kubuni. Upo popote hospitali inapohama kutoka kwenye faili la karatasi kwenda kwenye skrini. MTAKWIMU, ofisa wa takwimu za afya wa wilaya, anaunga mkono hoja. SISTA, muuguzi mfawidhi wa hospitali ya wilaya hiyohiyo, anaipinga. MHANDISI, kijana anayesanifu kanzidata, hana upande tunapoanza. Watakachokubaliana wakubwa wake ndicho atakachokiandika, kwa hiyo anayo haki ya kuuliza maswali.

Nafasi tupu haina mtetezi

MTAKWIMU: Nitaanzia Mosoriot, kituo cha afya cha kijijini karibu na Eldoret, Kenya. Mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walifunga pale mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotengenezwa kwa Microsoft Access. Walipopima kabla na baada, muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulikuwa umepungua kwa asilimia 22 hivi. Hakuna dawa mpya iliyoletwa. Zamani kila chumba kilikuwa na daftari lake, na mgonjwa alitaja habari zake upya kila alipoingia mlango mwingine. Mfumo ukawa unamuuliza mara moja. Lakini faida hiyo ina sharti: yule aliyeuliza mwanzo awe ameandika jibu. Akiacha wazi, chumba cha pili kitauliza tena, cha tatu vilevile, na hapo tumerudi kwenye madaftari tukiwa tumeongeza bili ya umeme.

Jambo la pili ni la kwangu mwenyewe. Kila mwezi takwimu za vituo vyote zinaingia kwenye DHIS2, mfumo wa kukusanyia takwimu za afya. Wizara inataka kujua watoto wangapi wa chini ya miaka mitano wameugua malaria. Mtoto asiyeandikwa umri hayumo kwenye hesabu ya watoto, wala kwenye hesabu ya wakubwa. Dawa zinapoagizwa, sehemu yake haiagizwi. Nafasi tupu haina mtetezi popote. Ndiyo maana nasema kinyota kiwepo, na kiwe kikali.

SISTA: Umesema vizuri, Bwana Takwimu. Sasa njoo mapokezi saa mbili usiku. Bodaboda wamemleta kijana aliyegongwa barabarani. Hasemi, hana kitambulisho, waliomleta hawamjui. Karani anafungua fomu: jina, kinyota. Tarehe ya kuzaliwa, kinyota. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kinyota. Simu, kinyota. Bila faili hapati namba, bila namba maabara haipokei damu yake. Unadhani karani atafanya nini?

MTAKWIMU: Atamwita mkuu wa zamu.

SISTA: Mkuu wa zamu ndiye anayebana kidonda. Karani ataandika chochote kinachokubalika. Jina: Juma Juma. Amezaliwa 01/01/1990. Simu ataweka yake, au sufuri tupu mpaka mfumo uridhike. Na utaridhika! Utahifadhi bila kulalamika. Kesho ndugu wakifika na jina la kweli, tutamfungulia faili lingine, na lile la Juma Juma litabaki humo ndani na kundi la damu, chupa alizoongezewa na dawa alizochomwa, bila mwenyewe.

MTAKWIMU: Huyo anatokea mara mojamoja. Mfumo wa wilaya nzima hausanifiwi kwa ajili ya mtu mmoja wa dharura.

SISTA: Basi chukua wa kila siku. Bibi wa kliniki ya presha. Ukimuuliza alizaliwa lini anakwambia, "Vita ya Hitla imekwisha, Uhuru bado." Hilo ni jibu zuri sana. Linamweka kati ya mwaka 1945 na 1961, na mtu mwenye subira akiuliza swali moja au mawili zaidi atapunguza pengo. Lakini kinyota hakitaki kati ya mwaka huu na huu. Kinataka siku, mwezi, mwaka. Bibi atakuwa amezaliwa tarehe mosi Januari 1950, pamoja na nusu ya bibi wote wa wilaya.

MTAKWIMU: Hilo, Sista, tulilijua kabla kompyuta hazijafika. Watu hupenda kutaja umri unaoishia na sufuri au tano, hata kwenye sensa. Kuna kipimo chake, cha Whipple: kikisoma 100 hakuna upendeleo, kikisoma 500 maana yake kila mtu ametaja umri wa aina hiyo. Tunapima upotofu na tunausawazisha.

MHANDISI: Samahani, mkuu, niingilie hapo. Mnasawazisha jumla. Sista anamtibu mmoja. Grafu ya wilaya ikinyooka, bibi bado ana tarehe ya uongo kwenye faili lake, na daktari anayelisoma hana njia ya kujua kwamba ni ya uongo.

Ndiyo au hapana ndogo

MHANDISI: Wenzetu walishakutana na jambo hili. Mwaka 2004 madaktari wawili wa Taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Burke Mamlin na Paul Biondich, walikwenda Eldoret, ambako kliniki za UKIMWI za AMPATH zilikuwa zinapokea wagonjwa wengi kuliko uwezo wa mfumo uliokuwapo. Wakaona kuukarabati hakutoshi, wakaanza kusanifu upya, na wenzao wa shirika la Partners In Health wakajiunga. Ndiyo OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, kisha Rwanda mwaka huohuo, na leo ipo katika nchi nyingi. Mfumo wa KenyaEMR umejengwa juu yake.

Katika jedwali la watu la mfumo huo, pembeni mwa tarehe ya kuzaliwa, kuna safu moja ndogo ya ndiyo au hapana: je, tarehe hii imekadiriwa? Bibi akisema ana kama miaka 75, karani anaandika 75, mfumo unapiga hesabu ya mwaka na kuweka alama kwamba ni makadirio. Ripoti yako inapata umri, mkuu. Daktari anaona kwamba umri huo ni wa kukisia. Hakuna aliyedanganywa.

MTAKWIMU: Hiyo naikubali. Ila umri ni jambo jepesi, unakadirika. Vipimo je? Utakadiria presha?

SISTA: Hapo ndipo ninapopataka. Chukua kliniki ya wajawazito siku ambayo mashine ya presha imekufa. Mama hamsini kwenye benchi, fomu inadai presha kwa kila mmoja, na haifungi bila presha. Unajua kitakachoandikwa.

MTAKWIMU: Mia na ishirini kwa themanini.

SISTA: Umejibu haraka, maana yake umeshaiona. Mama wa kwanza 120/80, wa pili 120/80, mpaka jua linazama. Na kati yao yumo mmoja ambaye presha yake halisi siku ile ingesoma 150 kwa 100. Mwezi ujao akija anaumwa kichwa na macho yanamfifia, daktari atafungua mfumo aone kwamba mara ya mwisho alikuwa salama. Karatasi ya zamani ingekuwa na mstari mtupu, na mstari mtupu ungemshtua. Sasa ana namba nzuri, iliyopigwa chapa, ya uongo. Kifafa cha mimba hakisomi ripoti.

MTAKWIMU: Hilo ni tatizo la nidhamu, si la programu. Anayeandika kipimo ambacho hakukipima anapaswa kuwajibishwa.

SISTA: Mweleze kwanza alikuwa na njia gani nyingine. Kitufe kilimkatalia, foleni inamngoja, mashine ipo kwa fundi. Fomu ilimpa milango miwili: adanganye au aache kazi.

MTAKWIMU: Basi nikuulize, Sista. Tukiondoa kinyota, sehemu ya presha ikabaki wazi, daktari atajuaje kilichotokea? Pengine mama hakupimwa. Pengine alipimwa lakini karani aliruka. Pengine alikataa. Pale Eldoret walichapa muhtasari wa kila mgonjwa wenye vikumbusho, kwamba huyu kipimo chake cha CD4 kimepitiliza muda, na waganga waliopewa karatasi zile waliagiza vipimo hivyo zaidi ya wasiopewa. Kikumbusho kinatokana na data. Mfumo hauwezi kukumbusha kitu usichojua kama kimefanyika.

SISTA: Na ukijazwa uongo hautakumbusha kabisa, maana utadhani kimeshafanyika. Mstari mtupu angalau unauliza.

Aina za kutojua

MHANDISI: Nadhani hapa wote wawili mna haki, na kosa lipo kwetu sisi wasanifu. Tumezipa hali nyingi tofauti nafasi moja tupu. Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa IBM, ndiye aliyeweka msingi wa kanzidata za majedwali mwaka 1970. Nafasi tupu ilimsumbua miaka yote iliyofuata, mpaka katika kitabu chake cha mwaka 1990 akapendekeza alama mbili tofauti: moja ya kitu kilichopo ila hatukijui, nyingine ya kitu kisichomhusu mtu huyo. Tarehe ya hedhi ya mwisho ya mama ambaye hajaulizwa ni tupu, na ya mwanamume ni tupu. Kwenye jedwali zinafanana. Kwenye wodi hazifanani hata kidogo.

Watu wa HL7, shirika la viwango vya kubadilishana taarifa za afya lililoanzishwa mwaka 1987, walikwenda mbele zaidi ya Codd. Katika kiwango chao cha FHIR kuna orodha rasmi ya sababu za jibu kukosekana. Baadhi yake ni hizi: haijulikani; ameulizwa ila hajui; ameulizwa ila amekataa; hakuulizwa; haimhusu; imefichwa. Kila moja ina msimbo wake. Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: kinyota kibaki, lakini kidai jibu au sababu ya kukosa jibu. Siku mashine ilipokufa, muuguzi anachagua "haikupimwa, hakuna kifaa" na anaendelea na mama wa pili.

Na sisi tunaotumia muundo wa OpenMRS tuna sababu ya ziada ya kulitilia hili maanani. Humo hakuna jedwali la presha wala jedwali la uzito. Kuna kamusi ya dhana. Katika kamusi ya CIEL inayotumika sana, joto la mwili ni dhana namba 5088 na uzito ni 5089. Kisha kuna jedwali moja refu la uchunguzi wa kitabibu linalosema: mgonjwa fulani, dhana fulani, thamani fulani, siku fulani, mahali fulani. Ni muundo mzuri, kwani wizara ikileta kipimo kipya kesho huvunji ukuta wowote, unaongeza neno kwenye kamusi. Lakini una bei yake. Katika jedwali la kawaida, kisichojazwa huacha shimo unaloliona. Katika jedwali hili refu, kisichoulizwa hakiachi chochote. Mstari wake haupo tu. Usipoandika makusudi kwamba hakikupimwa, hakuna atakayegundua.

MTAKWIMU: Nasikia, kijana, na inapendeza masikioni. Sasa nikwambie itakavyokuwa. Ainisho la kimataifa la magonjwa, ICD-10, lilishawapa waganga ruhusa ya kutojua. Malaria iliyothibitishwa kuwa ya falsiparamu ni B50. Malaria isiyobainishwa ni B54. Kifo ambacho chanzo chake hakijulikani ni R99. Ruhusa ile ilitolewa kwa nia njema. Matokeo yake, watafiti wa vyanzo vya vifo wana jina maalumu la misimbo ya aina ya R99, wanaiita takataka, kwa sababu mganga aliyechoka huikimbilia badala ya kufikiri. Ukiwapa watu kichaka, watajificha wote humo. Kila kipimo kitakuwa "hakuulizwa".

SISTA: Kikiwa hivyo utakuwa umejua jambo kubwa. Utajua kwamba zahanati fulani haijapima presha miezi mitatu. Nenda ukaone: labda mashine haipo, labda muuguzi ni mmoja anayefanya kazi ya watu wanne, labda kweli ni mvivu. Sasa hivi zahanati hiyo ndiyo inayoongoza wilaya yako, maana fomu zake zimejaa asilimia mia.

MTAKWIMU: (anacheka) Hapo umenigusa.

SISTA: Sikugusi, nakuuliza. Ukamilifu mnaoupima ni wa nini? Mnapima kama kisanduku kimejaa. Hampimi kama kilichomo ni kweli.

MTAKWIMU: Tunapima yote mawili, ila cha kwanza ni rahisi, nacho ndicho kinachoulizwa mikoani. Sawa. Nakubali pengo lenye sababu ni data. Sikubali kwamba pengo na kipimo ni ndugu. Siwezi kuagiza dawa kwa kutumia sababu.

Lisilowezekana na lisilojulikana

MTAKWIMU: Na nikuulize wewe kijana: kwa falsafa yenu hii, mashine itakataa nini? Au kila kitu kinapita?

MHANDISI: Ikatae lisilowezekana, mkuu. Lisilojulikana ilipokee. Joto la 370 haliwezekani. Mtu amesahau nukta. Katika kamusi ile, dhana ya joto imewekewa mipaka, isiwe chini ya nyuzi 25 wala kuzidi 43, na mashine ina haki ya kugoma. Tarehe ya kujifungua iliyotangulia tarehe ya kuzaliwa kwa mama mwenyewe, igome. Hayo hayahitaji kumjua mgonjwa.

Mfano mwingine ni namba ya faili. Karani akikosea tarakimu moja, anafungua faili la mtu mwingine, na hiyo ni hatari kuliko pengo lolote. Kwa hiyo namba huongezewa tarakimu ya mwisho inayokokotolewa kwa kanuni ya Luhn. Chukua 4718. Kuanzia kulia unazidisha kwa mbili tarakimu moja, unaruka moja. Jibu likizidi tisa unatoa tisa. Nane inakuwa 16, ukitoa tisa ni 7. Moja inabaki 1. Saba inakuwa 14, yaani 5. Nne inabaki 4. Jumla ni 17, na ili ifike 20 unahitaji 3. Namba ya mgonjwa ni 4718-3. Karani akigeuza kwa haraka akaandika 7418-3, hesabu ya namba hiyo inadai 7 mwishoni, si 3. Mashine inakataa palepale. Kukataa huko hakumfundishi mtu kudanganya, kwa sababu akirudia kusoma kadi jibu sahihi lipo mbele yake.

SISTA: Mwanangu, hilo ndilo nililokuwa nalitafuta maneno yake. Kinyota ni haki pale ambapo jibu lipo na mtu anaweza kulipata. Na niongeze, nisije nikaonekana mpinzani wa kila kitu. Kipo kinyota ninachokitaka mimi mwenyewe. Dawa ya mseto ya malaria hutolewa kwa uzito: mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 kidonge kimoja kwa kila dozi, chini ya 25 viwili, chini ya 35 vitatu, kuanzia 35 vinne. Mtoto asajiliwe hata bila uzito, aonwe, apimwe damu. Lakini mfumo usikubali kutoa dozi mpaka uzito uwepo. Vivyo hivyo penisilini bila swali la mzio, na damu bila kundi lililothibitishwa na maabara. Hapo mnifungie mlango kabisa, hata kama nina haraka.

MTAKWIMU: Kumbe tunakubaliana kuhusu lazima. Tunatofautiana mahali pa kuiweka.

SISTA: Mahali ndipo penye jambo lote. Mkiiweka mapokezi inamkuta karani ambaye hana jibu. Mkiiweka mbele ya tendo inamkuta mtu mwenye sindano mkononi, na jibu lipo umbali wa mizani.

MTAKWIMU: Na utambulisho? Hapo mimi sirudi nyuma. Tuna Ali na Ally, Mohamed, Muhammad na Mohammed, Asha anayeandikwa Aisha akifika hospitali ya rufaa. Bila namba moja ya lazima mtu mmoja atageuka watu watatu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na haijirudii. Ifanyeni iwe ufunguo wa kanzidata, kwisha kazi.

MHANDISI: Mtoto aliyezaliwa leo asubuhi hana. Mgeni aliyevuka mpaka kuja kujifungua hana. Na mfumo ukiilazimisha, mtoto atapewa ya mama yake, kisha mdogo wake naye apewe ileile. Watoto wawili na mama wanakuwa mtu mmoja aliyechanjwa mara mbili na kujifungua mara mbili. Ufunguo wa ndani uwe namba isiyo na maana yoyote, ambayo mfumo unaitoa wenyewe. NIDA, bima, kadi ya kliniki, zote ziwe vitambulisho vinavyoning'inizwa kwa mgonjwa, hata vitano, na kimoja kikikosekana mengine yaendelee. Kijana wa bodaboda anafunguliwa faili kama mtu asiyejulikana, na jina lake likipatikana linaongezwa kwenye faili lilelile.

Kuhusu mafaili mawili ya mtu mmoja, ni kweli yatakuwepo, na yataunganishwa na mtu, si na mashine peke yake. Mafaili mawili ya mtu mmoja yanaleta usumbufu. Faili moja la watu wawili linaua, na kulitenganisha baadaye ni kazi ya kukisia kila mstari ni wa nani.

Kurekebisha bila kufuta

SISTA: Niulize jambo la utendaji. Usiku umeme umekatika, tumeandika kwenye karatasi, tunaingiza asubuhi. Mfumo unaandika kwamba mgonjwa alipewa dawa saa tatu asubuhi, wakati alipewa saa nane usiku. Zamu ya mchana inamchelewesha dozi inayofuata.

MHANDISI: Ndiyo maana kila mstari unapaswa kuwa na saa mbili: saa ya tukio na saa ya kuingizwa. Ya kwanza anaisema muuguzi, ya pili inaandikwa na mashine na hakuna anayeweza kuigusa. Mtakwimu akiona tofauti ya saa saba kila usiku, anajua wodi hiyo haina umeme. Na kosa likigundulika, mstari haufutwi. Unawekewa alama kwamba umebatilishwa, nani kaubatilisha, lini na kwa sababu gani, na wa sahihi unaandikwa chini yake. Daktari haoni tena ule wa zamani kwenye kazi zake za kila siku, ila upo siku ikihitajika kujua nani alijua nini, saa ngapi.

MTAKWIMU: Hilo halina mpinzani.

SISTA: Mimi nina lingine kwenye ile orodha yako: "imefichwa". Mgonjwa wa CTC, kliniki ya wenye VVU, anaweza kuwa hataki kuacha namba ya simu, kwa sababu simu ni ya mume na ujumbe wa kukumbusha dawa utasomwa na mume. Kinyota cha simu kinamlazimisha achague kati ya matibabu na ndoa. Na msiniambie kwamba data ipo salama. Singapore wana kompyuta kutuzidi, na Januari 2019 ilitangazwa kwamba orodha ya watu 14,200 wenye VVU imevuja.

MTAKWIMU: Sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, nasi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kazi Mei 2023. Zote zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti.

MHANDISI: Sheria humwadhibu aliyevujisha. Haiirudishi orodha ndani. Taarifa pekee ambayo kwa hakika haitavuja ni ile ambayo hatukuikusanya, na kila kinyota ni uamuzi wa kukusanya. Mimi ningependa kila anayeomba kinyota aandike pia nani ataisoma taarifa hiyo na ataifanyia nini.

Hukumu ya hoja

Hoja kama ilivyoletwa imeanguka, na aliyeiangusha zaidi ni Mtakwimu mwenyewe pale alipoijua presha ya wajawazito kabla ya kuambiwa. Fomu inayokataa kufungwa haiongezi ujuzi wa aliye mbele yake. Inambadilishia tu namna ya kuficha kwamba hajui. Lakini hofu yake haikujibiwa kwa kuondoa vinyota vyote. Ilijibiwa kwa kuvihamisha. Kwa maoni yangu hoja iliyorekebishwa ingesomeka hivi: mfumo ukatae lisilowezekana, upokee lisilojulikana pamoja na sababu yake, na uweke lazima mbele ya tendo linaloweza kumdhuru mgonjwa.

Hospitali inayokaribia kusaini mkataba wa mfumo inaweza kulipima hili bila kuelewa neno hata moja la kiufundi. Mkalisheni karani wa mapokezi, si muuzaji, mbele ya skrini. Mwambieni amsajili mtu aliyezimia, kisha bibi asiyejua mwaka, kisha mjamzito wa siku isiyo na mashine, kisha mtoto mchanga wa mama asiye na kitambulisho. Baada ya hapo someni kilichohifadhiwa. Kila sehemu aliyolazimika kubuni kitu ni mahali ambapo mfumo huo utawadanganya, tena kwa miaka.

Kuna ubishi mmoja ambao watatu hawa hawakuumaliza, na programu haiwezi kuumaliza. Mtakwimu anataka idadi ya "hakuulizwa" iingie kwenye jedwali la kushindanisha vituo. Sista anajua kwamba siku itakapoingia huko, hakuna atakayeichagua tena. Nipo upande wa Sista. Mganga mkuu wa wilaya anayetaka data za kweli atangaze, kabla mfumo haujawashwa, kwamba sababu za mapengo zitatumika kupeleka mashine na watumishi, na kwamba hakuna atakayeitwa ofisini kujieleza kwa kuchagua moja ya sababu hizo. Asipotangaza, mwezi wa pili haujaisha presha zote za wajawazito zitakuwa 120/80.